Valvu, Wati Nane na Spika Nyepesi: Maswali ya Wasomaji

Safu ya mwezi huu ni ya amplifaya za valvu, zile zenye chupa za kioo zinazowaka ndani, pamoja na spika zinazozifaa. Barua zimetoka Tanga na Bagamoyo. Kila aliyeuliza "ninunue amplifaya gani?" tunamrudishia swali: una spika gani? Kununua amplifaya kwanza ni kushona tanga kabla ya kujua ukubwa wa jahazi. Humu tutasema "spika nyepesi" kwa maana ya spika inayotoa sauti kubwa kwa wati chache, si spika isiyo na uzito. Kwa kawaida hizo ndizo nzito kubeba.

Nimeona amplifaya ndogo ya valvu mtandaoni. Ina bluetooth, imeandikwa wati 100 kila upande, na inatumia adapta ya volti 24. Valvu zake mbili zinatoa mwanga mzuri wa rangi ya chungwa. Bei yake si mbaya. Ninunue?
Msomaji, Chumbageni, Tanga

Ukiipenda kwa ajili ya jikoni au duka, nunua. Ila usiinunue ukidhani umepata amplifaya ya valvu. Katika vifaa vya namna hiyo valvu mbili ndogo hukaa mlangoni tu: sauti hupita ndani yake, kisha kazi ya kusukuma spika hufanywa na chipu kama ilivyo kwenye sabufa yoyote ya kisasa. Mara nyingine hata huo mwanga si wa valvu. Chini ya soketi huwekwa kitaa cha LED cha rangi ya chungwa.

Kuibaini ni rahisi. Kwanza piga hesabu ya adapta. Volti 24 kwa ampia 4 ni wati 96 zinazoingia. Wati 200 zinazotoka zinatoka wapi? Pili, washa uangalie. LED huwaka papo hapo na kumulika kioo kizima kutokea chini. Hita ya valvu huchukua sekunde 10 hadi 30 kuiva, na mwanga wake huonekana ndani kabisa, juu na chini ya kile kijibomba cha katikati, tena ni hafifu mchana. Tatu, inyanyue. Amplifaya ya valvu ya stereo ina transfoma tatu za chuma, moja ya umeme na mbili za kutolea sauti, moja kwa kila spika. Hata ile ya wati 8 kwa 8 huwa na kilo kama 10 au zaidi. Ukiinua kwa vidole viwili, hiyo siyo.

Muulize muuzaji swali moja: valvu za kutolea sauti ni namba gani? Akikujibu EL84, 6V6, 6P1, 6P14, EL34 au 300B, mazungumzo yanaweza kuendelea. Akikujibu "ni valvu orijino", funga mazungumzo.

Ninaishi nyumba ya zamani Mji Mkongwe, Bagamoyo. Chumba kina upana wa mita 3 na urefu wa mita 6, kuta za mawe. Nina spika ndogo za kisasa za desibeli 86, na moyo wangu uko kwenye amplifaya ya 300B ya wati 8. Zitatosha?
Msomaji, Dunda, Bagamoyo

Tupige hesabu, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea.

Desibeli 86 maana yake ni kwamba ukiipa spika hiyo wati 1 na kusimama mita 1 mbele yake, utapata sauti ya kiwango hicho. Kila ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3. Wati 2 ni 89, wati 4 ni 92, wati 8 ni 95. Hapo amplifaya yako imefika mwisho. Ukikaa mita 3, chumba cha ndani kinakula kama desibeli 6. Spika ya pili inakurudishia 3. Kwa hiyo kilele cha sauti kwenye kiti chako ni kama 92.

Namba hiyo inaonekana kubwa mpaka ukumbuke kwamba muziki haukai kwenye kilele. Pigo la ngoma au mchapo wa besi hupanda desibeli 10 hadi 15 juu ya wastani. Ukitaka kilele kisipasuke, wastani wako utakuwa 77 hadi 82. Kwa taarabu ya fidla, kanuni na sauti ya mwimbaji mmoja, jioni, hiyo ni starehe tosha. Kwa dansi la trampeti na ngoma utaongeza sauti kidogo, na kidogo hicho ndicho kitakachoanza kukwaruza.

Sasa chukua spika ya desibeli 96 badala ya 86. Tofauti ya desibeli 10 ni sawa na kuzidisha wati mara kumi. Wati zako 8 zinafanya kazi ambayo kwa spika ya mwanzo ingedai wati 80. Hakuna valvu ya bei nafuu itakayokupa hizo 80.

Hii si siri mpya. Miaka ya 1930 na 1940 amplifaya ya wati 10 ilikuwa kitu cha ukumbi, kwa hiyo watengenezaji wa spika hawakuwa na hiari. Paul Klipsch alitoa Klipschorn yake mwaka 1946, spika ya honi (yenye mdomo unaopanuka kama tarumbeta) inayokaa kwenye kona na kutumia kuta za nyumba kama sehemu ya mdomo wake. Altec walijaza kumbi za sinema kwa honi kubwa na wati chache. Transista zilipoleta wati za bei rahisi, spika zikaruhusiwa kuwa ndogo na nzito kuendesha. Mtengenezaji wa spika Josef Anton Hofmann ndiye aliyeiweka wazi kanuni: kisanduku kidogo, besi ya chini, na wepesi; chagua viwili, cha tatu utakikosa. Ndiyo maana tangazo la spika ndogo yenye desibeli 97 na besi ya hezi 30 ni la kucheka nalo.

Ukisoma namba za tangazo, angalia ziliandikwaje. Wengi hupima kwa volti 2.83. Kwenye spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) hiyo ni wati 1 kamili. Kwenye spika ya omu 4 ni wati 2, kwa hiyo desibeli 3 za bure zimeingia. Spika ya omu 4 iliyoandikwa 92 kwa volti 2.83 ni ya 89.

Na kuna la omu zenyewe. 300B ya valvu moja kila upande, bila mrejesho wa sauti (sehemu ya sauti inayotoka kurudishwa ndani ili amplifaya ijirekebishe), haiishiki koni ya spika kwa nguvu. Pale omu za spika zinapopanda, sauti nayo inapanda, zinaposhuka, inashuka. Spika iliyoandikwa omu 8 lakini inateremka hadi 3 katikati ya besi itasikika imelegea, na utailaumu amplifaya bure. Tafuta yenye omu 8 ambayo haishuki chini ya 6.

Ushauri wetu: ukishindwa kuachana na spika zako, iache 300B. Tafuta amplifaya ya EL84 nne, mbili kila upande zikivutana, upate wati 10 hadi 15 zenye mshiko mzuri zaidi. Ukiweza kubadilisha spika, badilisha hizo kwanza, usikilize na amplifaya yoyote uliyo nayo, kisha ndipo uamue kama 300B bado inakuita.

Chumba chako chenyewe kina tabia. Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazifiki mbali, na chokaa juu ya mawe hurudisha sauti kali. Weka spika kwenye ukuta mfupi, sentimita 50 au zaidi kutoka pembeni, ukae theluthi moja kutoka ukuta wa nyuma. Zulia au mkeka mnene mbele ya spika, pazia zito upande mmoja. Usizibe kuta zote, sauti itakufa.

Je, naweza kuunganisha spika za omu 4 kwenye kituo (tundu la kuunga waya wa spika) cha omu 8? Na je, kuna ubaya kuwasha amplifaya bila spika ili valvu zipate moto kwanza?
Msomaji, Muheza

La kwanza: unaweza, haitaungua, ila valvu zitaona nusu ya mzigo zilizoutarajia, wati zitapungua na sauti itapasuka mapema. Kama kuna kituo cha omu 4, kitumie.

La pili: usifanye, kamwe. Transfoma ya kutolea sauti isiyo na spika hupandisha volti nyingi upande wa valvu, cheche huruka ndani ya soketi au kati ya nyaya za transfoma, na transfoma hiyo ndiyo kipande cha bei kubwa kuliko vyote humo. Tofauti na amplifaya za transista, hapa waya ulioachia ni hatari kuliko nyaya zilizogusana. Kaza skrubu za spika kabla ya kugusa swichi.

Nimenunua amplifaya mbili. Moja ni mtumba wa Japani wa volti 100, nyingine ni mpya ya Kichina imeandikwa volti 220. Umeme wa hapa kwangu nimeupima, usiku wa manane unafika 245. Nifanyeje?
Msomaji, Pongwe, Tanga

Umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umepima. Endelea kupima kwa wiki nzima, alfajiri, saa nane mchana, saa mbili usiku na saa sita usiku, uandike. Bila hiyo orodha jibu lolote ni kubahatisha.

Tuanze na ya Kijapani. Wenzetu wa Japani wana umeme wa hezi 50 upande wa Tokyo na hezi 60 upande wa Osaka, kwa hiyo vifaa vyao huwa vimeandikwa 50/60 na transfoma zao haziudhiki na hezi zetu 50. Unachohitaji ni transfoma ya kushusha. Nyingi za madukani hutoa 110, na 110 kwa kifaa cha 100 ni ziada ya asilimia 10 hata kabla umeme wako haujapanda. Tafuta inayotoa 100. Ukubwa wake uwe mara moja na nusu hadi mbili ya wati zilizoandikwa nyuma ya amplifaya. Kama inakula wati 150, chukua ya VA 300 (VA ni kipimo cha uwezo wa transfoma, kama wati). Mzigo wa Marekani ni habari nyingine. Kama umeandikwa 60 peke yake, transfoma yake ikipewa hezi 50 inabeba usumaku zaidi kwa asilimia 20, inapata moto na kuvuma. Hata ukishusha volti hadi 120 sawasawa, kasoro hiyo inabaki.

Ya Kichina: 245 kwa 220 ni ziada ya asilimia 11. Hita ya volti 6.3 inapata 7.0, wakati mwisho wa kuvumilia ni kama 6.9. Volti kubwa ya ndani nayo inapanda kwa kiasi hicho hicho. Valvu hazitakufa leo, ila zitazeeka haraka, na kapasita za kuchuja (vihifadhi umeme vinavyolainisha mkondo) zilizowekwa bila akiba ndizo zitakazovimba mwanzo.

Dawa ya kifundi ni transfoma ndogo ya 230 kwa 18, ampia 2, ambayo waya wake wa pili unaungwa kupingana na umeme unaoingia. Kutoka 245 inatoa kama 19, unabaki na 226. Umeme ukiteremka hadi 215, amplifaya inapata 198 na hita zinapata 5.7, mpakani kabisa. Ndiyo maana tulisema upime wiki nzima: kama kwako hushuka chini ya hapo, chukua ya volti 12 badala ya 18. Kazi hii mpe fundi anayejua kutambua upande wa waya, maana akigeuza, volti zinajumlishwa badala ya kutolewa.

Stabilaiza ya kawaida inayopiga "taka, taka" inasaidia kuzuia volti za kupita kiasi, lakini inarukaruka kwa hatua na kila hatua utaisikia kwenye spika nyepesi. Yenye mota ya kuzungusha ni tulivu zaidi. Inveta ya bei rahisi ya wimbi la mraba usiitumie; itatoa mlio wa nyuki ambao hakuna kapasita itakayouondoa.

Tuna redio kubwa ya santuri ya marehemu babu, ina valvu ya EL84. Inaimba vizuri dakika kumi, halafu sauti inapasuka na ndani ya valvu kile kibati kinakuwa chekundu. Tumebadilisha valvu, hali ni ile ile. Tatizo ni nini?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

Kizimeni sasa hivi, msiendelee kukisikiliza. Sahani ya valvu, yaani kile kibati, ikiwa nyekundu ina maana inabeba wati kuliko uwezo wake, na kwa kuwa valvu mpya imefanya vivyo hivyo, mshukiwa wa kwanza ni kapasita ya kupitishia sauti, ile iliyo kati ya valvu ya kabla na mguu namba 2 wa EL84. Redio za miaka ya 1950 na 1960 nyingi zina kapasita za karatasi. Karatasi ikinyonya unyevu wa pwani, inaanza kuvujisha volti. Volti hiyo ikifika kwenye gridi (mlango wa sauti ndani ya valvu, ndio mguu wa 2) inaifungua valvu, mkondo unapanda, valvu inapata moto, mkondo unapanda tena.

Kabla ya kupima, angalieni namba za valvu zote. Kama zinaanza na U, mathalani UL84 au UCL82, redio hiyo inaweza kuwa haina transfoma ya umeme na chasisi yake, yaani fremu ya chuma, ina umeme wa ukutani. Hapo simameni, mkaitafutie fundi mwenye transfoma ya kutenganisha. Kama ni E, kama mlivyoandika, endeleeni.

Fundi afanye hivi. Chasisi iko wazi, mkono mmoja mfukoni, waya mweusi wa mita umebanwa kwenye chasisi. Washa, pima volti za DC mguu wa 2. Inatakiwa sifuri. Ikisoma hata nusu volti ya chanya na inaendelea kupanda, kuna uvujaji. Sasa zima, subiri ipoe, chomoa EL84, washa tena upime pale pale. Volti ikiwa bado ipo, kapasita ndiyo mbovu. Ikitoweka, ni valvu yenyewe ina gesi, na hiyo "mpya" mliyonunua haikuwa mpya.

Kisha apime mguu wa 3, kathodi, valvu ikiwa mahali pake. Tuseme rezista ya hapo ni omu 150 na mita inasoma volti 7.5. Gawanya: miliampia 50. Toa kama 5 za skrini (gridi ya pili ya valvu), zimebaki 45 za sahani. Kama kati ya sahani na kathodi kuna volti 242, zidisha: karibu wati 11. EL84 inaruhusiwa 12, kwa hiyo salama. Ikisoma volti 11, mkondo wote ni miliampia 73 na sahani inabeba kama wati 16. Huo ndio wekundu mnaouona.

Kapasita mpya iwe na thamani ile ile iliyoandikwa kwenye ya zamani, kwa kawaida kati ya mikrofaradi 0.01 na 0.1, ya plastiki, volti 400 au 630. Akiwa humo abadilishe zote za karatasi, pamoja na ile iliyoungwa kwenye kathodi na zile kubwa za kuchuja. Rezista ya kathodi aipime, mara nyingi imeshapikwa na kubadilika. Bei ya vyote hivyo haifiki ya EL84 mbili nzuri.

Kabla ya kugusa chochote, zile kapasita kubwa zimwagwe umeme. Humo kuna volti 250 hadi 350 zinazoweza kubaki baada ya plagi kuchomolewa. Rezista ya kiloomu 10, wati 5, yenye nyaya zilizofunikwa, ishikizwe kati ya chanya na chasisi kwa sekunde 15, kisha mita ithibitishe. Bisibisi inayopigwa moja kwa moja huharibu kapasita na kumshtua fundi. Siku ya kuwasha mara ya kwanza, unganisheni balbu ya waya ya wati 60 kwa mfululizo na umeme. LED haifai kwa hili. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, bado kuna shoti ndani. Ikiwaka kidogo kisha kufifia, mambo yanaelekea.

Tena, kama mtatumia santuri za mizunguko 78, zina mfereji mpana na zinataka sindano yake. Sindano ya 45 itatambaa sakafuni mwa mfereji na kuchota vumbi.

Amplifaya yangu ilikuwa kimya na spika za zamani. Nimenunua spika za honi, sasa inavuma hata sauti ikiwa sifuri.
Msomaji, Makorora, Tanga

Ilikuwa inavuma siku zote, spika za zamani zilikuwa hazisemi. Weka mita kwenye AC, kipimo cha milivolti, kwenye vituo vya spika, spika ikiwa imeungwa na sauti sifuri. Chini ya milivolti 1 ni safi. Ikifika 3 au 5, honi ya desibeli 100 itakusomea yote.

Sikiliza mvumo ni wa aina gani. Pakua programu ya simu inayotoa toni, ulinganishe. Ukifanana na hezi 100, ule wenye mkwaruzo, ni kapasita za kuchuja zimechoka. Ukiwa hezi 50, mnene na laini, ni hita, waya wa ingizo au mzunguko wa ethi (waya wa ardhini). Chomoa nyaya zote za ingizo. Ukinyamaza, shida iko nje: kompyuta mpakato iliyo kwenye chaja ndiyo mkosaji wa kawaida, ijaribu kwa betri. Usikate waya wa ethi wa plagi kutafuta ukimya. Chasisi ya chuma yenye volti 400 ndani lazima iwe na ethi. Usiponyamaza, hamisha valvu ndogo ya kushoto iende kulia na ya kulia iende kushoto. Mvumo ukihama upande, umempata.

Fundi seremala wangu anaweza kunitengenezea visanduku. Nimepata spika za inchi 10 za muziki wa ukumbi, desibeli 97, na honi ndogo za desibeli 105. Vipimo gani?
Msomaji, Magomeni, Bagamoyo

Vipimo kamili hutegemea karatasi ya maelezo ya mtengenezaji wa spika yako, lakini inchi 10 za aina hiyo nyingi huridhika na lita 50. Ndani iwe sentimita 32 kwa 34 kwa 48. Hizo ni lita 52, mbili zinaliwa na spika na mrija. Mrija ni bomba la PVC lenye upana wa ndani wa sentimita 10, urefu sentimita 16. Unakipa kisanduku mlio wa karibu hezi 45. Plaiwudi ya milimita 18 ni bora kuliko mninga: mbao nzima hupinda na kupasuka unyevu unapobadilika. Gundi kila kiungo mpaka pasivuje hewa, na weka fito ya kukaza katikati ya ubao wa nyuma. Pamba nyepesi kwenye kuta tatu, mdomo wa mrija uachwe wazi.

Honi yako ina kelele kwa desibeli 8 kuliko koni. Watu wengi huiacha hivyo, halafu wanasema valvu "zina sauti kali". Ipunguze kwa rezista mbili: omu 4.7 kwa mfululizo, kisha omu 5.1 sambamba na honi, zote wati 10. Amplifaya bado itaona omu 8. Kabla yake weka kapasita ya plastiki ya mikrofaradi 6.8, itakayokata karibu hezi 2,900. Kama karatasi ya honi inasema isitumike chini ya hezi 3,500, shuka hadi mikrofaradi 4.7.

Inakula umeme kiasi gani? Na nyumba yangu iko karibu na bahari, kila chuma kinashika kutu. Mijusi nayo imeanza kulala juu ya amplifaya.
Msomaji, Raskazone, Tanga

Ya EL84 nne hula kama wati 100, uisikilize au usiisikilize, madamu imewashwa. Muda wa saa nne kila usiku kwa mwezi ni yuniti 12 za LUKU. Kwa hiyo usiiache ikiwaka wakati umekwenda sokoni. Kuizima na kuiwasha kila dakika tano nako kunachosha hita. Ukijua utarudi baada ya saa moja, izime.

Chumvi hushambulia miguu ya valvu na soketi. Mara mbili kwa mwaka, kifaa kikiwa kimechomolewa na baridi, chomoa kila valvu moja moja, ifute miguu kwa spiriti ya asilimia 90 au zaidi, inyunyizie soketi dawa ya kusafishia viungo vya umeme, uichomeke na kuichomoa mara tatu. Valvu yenye kitako ishike hapo, usivute kioo; ya kioo kitupu kama EL84 ishike chini, karibu na soketi. Ile rangi ya fedha juu ndani ya kioo ikigeuka nyeupe kama maziwa, hewa imeingia, itupe. Mwanga wa buluu unaocheza kwenye kioo si ugonjwa, ila wa zambarau kati ya sahani ni gesi.

Usiifungie kabatini. Acha nafasi ya sentimita 15 pande zote na 30 juu, hasa wakati wa kaskazi. Kitambaa cha kufunikia vumbi kiwekwe baada ya kupoa, si kabla.

Mjusi kafiri hafuati muziki, anafuata joto na wadudu wanaovutwa na mwanga. Akiingia chini ya chasisi na kukanyaga vituo viwili vya volti 300, anakufa yeye na fyuzi pamoja, na mara nyingine rezista ya skrini. Bandika wavu wa mbu wa alumini kwa ndani kwenye matundu yote ya chini, ukaze kwa skrubu na si gundi, na uhakikishe hakuna uzi wa wavu unaofika karibu na soketi. Matundu ya pembeni mwa transfoma nayo yafunike, kwani vitoto vyao hupita penye upana wa penseli.